Ndege wa Kijani

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 19, nikijifunza uchoraji kwa fundi mmoja pale ufuoni Dunga, Kisumu. Tulikuwa tukiandika majina kwenye boti na kuchora ubavuni chochote alichotaka mwenyewe: mbuta, simba, hata bendera. Miezi mitano nzima nilimficha fundi wangu jambo moja. Nyekundu na kijani hunichanganya. Nyekundu kwangu imezama gizani, na kijani kilichokolea kimezama papo hapo. Tangu shule ya msingi niliponea kusoma maandishi kwenye kalamu za rangi, na kwa fundi nikasoma lebo za makopo.

Siku hiyo mzee mmoja anayepeleka wageni kutazama ndege alitaka achorewe gonoleki wa mafunjo. Ni ndege wa kwenye vinamasi vya mafunjo, na watu husafiri kutoka mbali kuja Dunga kumtafuta. Mgongo mweusi, mstari mweupe bawani, utosi wa manjano, na tumbo jekundu ambalo wenzangu wakilitaja hadi sauti zao zinabadilika. Fundi alikuwa ameenda soko la Kibuye. Lebo za makopo zilikuwa zimefunikwa na michirizi ya rangi. Niliona aibu kumuuliza mtu yeyote, nikachagua kwa kubahatisha.

Mzee ndiye aliyetangulia kurudi. Alinyamaza kitambo.

"Kijana wangu, mimi nimezaliwa hapa. Mafunjo mekundu na ndege wa tumbo la kijani umewaona wapi?"

Fundi alipofika, aliitazama boti, akanitazama mimi. Hakufoka. Alimwomba mzee siku tatu, kisha akaketi juu ya debe.

"Omera, hebu nipe kopo la nyekundu."

Nikanyoosha mkono, ukabaki hewani. Hapo nikamweleza yote, hata habari za babu mzaa mama, aliyekuwa akiminya kila embe kwa dole gumba kwa kuwa macho hayakumwambia lipi limeiva. Hali hii mara nyingi hupitia kwa mama hadi kwa mtoto wa kiume, na mama mwenyewe huwa anaona rangi zote vizuri tu.

Nilikuwa tayari kufungasha. Fundi akanisogezea makopo mawili, nyeusi na nyeupe. "Mchore kwa hizi. Vile unavyomwona wewe."

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama ile. Woga wa kukosea rangi ulikuwa umeniondoka, na mambo niliyoyaona siku zote bila kuyathamini yakaja yenyewe mkononi: kivuli chini ya bawa, manyoya ya kifua yanavyolaliana kama makuti ya paa, mwanga mdogo kwenye jicho, upande wa tumbo unaogeukia maji ukiwa mzito kuliko ule wa juu. Nilichanganya kijivu kimoja baada ya kingine juu ya kipande cha bati mpaka jua likazama ziwani. Naamini kabisa kwamba mtu anayeshibishwa na rangi hana haja ya kukitazama kivuli kwa muda mrefu kama nilivyokitazama mimi tangu utotoni.

Kijivu kilipokauka, fundi aliizimua nyekundu kwa tapentaini hadi ikawa nyepesi kama chai ya rangi, akaipitisha juu ya tumbo mara moja tu. Vivuli vyangu vyote vikabaki vinaonekana chini yake. Nilijua hivyo kwa sababu hata mimi niliviona. Mafunjo akayapaka yeye, kijani.

Mzee alikuja asubuhi ya siku ya tatu. Aliinama, akapeleka kidole kifuani pa ndege, taratibu, kama mtu anayepapasa manyoya.

"Bado mbichi, mzee," nikamwambia.

Kidole kilikwisha kugusa. Fundi akachukua brashi azibe ile alama, mzee akamzuia mkono. Ikabaki pale kifuani, duara dogo la kijivu, kwa miaka yote boti ile ilipokuwa majini.