Damu haisubiri gari la wagonjwa

Jumapili usiku, Mbalizi.

Leo nimemaliza sehemu ya mwisho ya masomo ya huduma ya kwanza niliyokuwa nasoma kwenye simu, na sijapata usingizi.

Sisi tunaoishi chini ya mteremko wa Iwambi tunaijua sauti ya lori lililoshindwa breki. Malori ya Tunduma yanapita hapa usiku na mchana, na likitokea la kutokea, wa kwanza kufika si daktari wala askari. Ni mama muuza ndizi, kijana wa bodaboda, utingo wa basi la nyuma. Mtu anaweza kuishiwa damu kabla gari la wagonjwa halijawashwa. Ndiyo maana naamini elimu hii lazima iwafuate watu walipo, kwenye simu zao, kwa Kiswahili. Semina ya siku tano hotelini haimfikii mama wa ndizi. Akifunga genge siku zote hizo, watoto watakula nini?

Somo lililonikaa zaidi ni la damu. Unakunja kitambaa safi, unakandamiza jeraha kwa uzito wa mikono, na huachii. Video yake ni fupi. Niliishusha kwa bando la usiku nikawarushia vijana wa kijiweni. Mmoja akaniuliza, "Dada, kitambaa kikilowa, nakitoa niweke kingine?" Hapana. Unaongeza cha pili juu ya kilekile, maana ukikibandua unang'oa na damu iliyoanza kuganda. Na kama kioo au chuma kimezama mwilini, hakichomolewi. Unakandamiza pembeni yake. Alirudia maneno hayo kwa sauti, akalikunja koti lake na kujaribu kwenye paja la mwenzake.

Mengine ni ya kujizuia, na hayo ndiyo magumu, kwa kuwa sisi tukimwonea mtu huruma tunamvuta. Aliyenaswa ndani ya hiace tunamkokota mikono na miguu, tunampakia kwenye pikapu, tunamnywesha maji. Kama shingo imeumia, kukokotwa huko kunaweza kumpoozesha maisha yake yote. Pasipo moto wala hatari nyingine, asisogezwe. Maji anaweza kupaliwa nayo, na huenda akahitaji upasuaji, ambao unataka tumbo tupu. Lori la mafuta likianguka, watu wakae mbali kabisa: Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, moto uliwakuta watu wakichota petroli na zaidi ya 100 wakafa. Hilo ningetaka lirudiwe kila kijiwe, kila kanisa, kila msikiti wa barabara hii.

Ila kuna mahali simu inafika kikomo. Mtu aliyezimia na hapumui anabonyezwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 au 6. Nimesoma, nimetazama, nimejaribu kwenye mto wa kulalia. Mikono inachoka haraka sana, na mto haukwambii kama umebonyeza vya kutosha. Hapo anatakiwa mtu wa kukuangalia na kukurekebisha. Nimeongea na muuguzi jirani yetu, amekubali kupita kijiweni Jumamosi akitoka zamu. Vijana wataleta godoro kuukuu. Mimi nitaandika namba kwa herufi kubwa kwenye nguzo ya kibanda: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji.