Siku moja maishani mwangu: kope za Texas, chumba cha nyuma Mombasa

Saa tisa unusu alasiri. Majirani wanakaribia kutoka kazini, mimi ndiyo kwanza naoga niingie. Kazi yangu ni kuandaa madai ya bima ya kliniki moja ya macho huko Texas, nami niko Mombasa, chumba cha nyuma kwa mama. Saa mbili yao ya asubuhi ni saa kumi yetu ya jioni. Novemba wakirudisha saa nyuma, nahamia saa kumi na moja, na chai yangu inahama nami.

Saa kumi. Simu inabaki sebuleni, mlango nafunga. Hizi ni siri za wagonjwa. Faili thelathini na moja, nyingi upasuaji mdogo wa jana, ule wa kuja kwa miguu na kurudi kwa miguu. Wa kwanza kaingiwa na chembe ya chuma kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Daktari akiitoa kwa ile darubini ya mezani unayoegemeza kidevu, namba ya kazi hiyo ninayoijaza kwenye dai ni 65222. Bila darubini, 65220. Asipoitaja tu, kwangu mimi hakuitumia.

Saa kumi na mbili unusu. Magharibi, kisha viazi karai. Mama ana swali lake la kila siku: "Mwanangu, leo umetibu macho mangapi?"

"Hata moja, mama. Nimeyaandika tu."

Saa moja unusu usiku. Nafika kwenye kalazioni, kivimbe cha tezi ya mafuta ndani ya kope, ambacho wengi hukidhania chokea. Kimoja ni 67800. Viwili kwenye kope moja ni 67801, mara moja, si 67800 mara mbili. Vikiwa kope tofauti, 67805. Tena kila kope ina anwani: E1 kushoto juu, E2 kushoto chini, E3 kulia juu, E4 kulia chini. Hizi naziita viambishi, maana zinabandikwa mwishoni na maana inageuka, kama pika ilivyokuwa ikigeuka pikia darasani.

Saa mbili na robo. Faili ya kumi na tisa inanikwamisha. Ugonjwa umeandikwa H00.11, yaani kope ya juu ya kulia. Ripoti ya upasuaji inasema kope ya juu ya kushoto. Ukurasa mzima uliobaki unasema kulia, kulia, kulia. Ungeniuliza, ningeapa daktari aliteleza kwenye ripoti.

Mwaka wangu wa kwanza niliapa hivyo hivyo, nikajaza E3. Bima ilipoomba maelezo, pesa iliyokwishalipwa ikarudishwa. Msimamizi wangu hakufoka. Aliniandikia neno moja: "Ulikuwepo?"

Basi leo namwandikia daktari. Wala sina ruhusa ya kumwambia "ni kulia, sivyo?", maana huko ni kumtilia jibu mdomoni. Nauliza kope ipi, basi.

Saa nne. Dai la wiki jana limerudi. Mgonjwa alikuja kufuatilia glakoma, yaani presha ya macho, akatolewa kalazioni pia siku hiyo hiyo. Bima imelipa upasuaji, imekataa uchunguzi. Kweli, uamuzi wa kufanya upasuaji mdogo umo ndani ya bei ya upasuaji. Lakini presha ya macho inahusiana nini na kivimbe cha kope? Kiambishi 25, kinachosema uchunguzi ulikuwa kazi ya pekee mbali na upasuaji wa siku hiyo, kipo, na maelezo yapo. Naandika rufaa. Mimi nashuku programu yao hukataa 25 kwanza, ikasoma baadaye.

Saa tano stima inapotea dakika ishirini. Betri inashika.

Saa sita unusu. Daktari amejibu: kushoto. Kile cha kulia alikitoa Machi; maelezo ya safari ile yalinakiliwa kwenye ukurasa wa safari hii, na hakuna aliyeyafuta. Ripoti niliyoidharau ndiyo pekee iliyokuwa sahihi. Ameshasahihisha na kutia saini.

67800 hubeba siku kumi za uangalizi baada ya upasuaji. Hizo za Machi zimepita zamani, kwa hiyo kiambishi 79, cha upasuaji mwingine usiohusiana unaofanywa ndani ya siku hizo, hakihitajiki. Nafuta H00.11, naandika H00.14, nabandika E1, natuma. Zimebaki faili nne.