Vali ya jua ya mnara wa Chumbe: hatimaye taa inazimika yenyewe

Jua likichomoza taa inazimika, magharibi inawaka, hakuna anayeigusa. Huu ni mfano wa kujitengenezea wa vali ya jua, kifaa kinachozima na kuwasha taa kwa kufuata mwanga wa jua, aina iliyotumika kwenye minara ya gesi ya AGA, kampuni ya Uswidi. Mnara wa taa wa Chumbe, kisiwa karibu na Zanzibar, ulijengwa 1904, ukafungwa mtambo wa gesi wa AGA 1926. Asetilini, gesi ya taa zile, haimo humu, kuna swichi ndogo na taa ya LED ya volti 3. Ya nyaya nayaruka.

Kilichoumiza kichwa ni mjongeo. Vali ya mvumbuzi Mswidi Gustaf Dalén (ya 1907, Nobel ya fizikia akaipata 1912) haifuati joto, inafuata tofauti ya joto. Fimbo ni nne za metali moja: tatu zimeng'arishwa, ya katikati nyeusi. Hewa ikipata joto zote hurefuka sawa na hakuna kinachotokea. Jua likipiga, nyeusi hunyonya mwanga, ikazizidi zile tatu na kufunga gesi. Sasa piga hesabu: shaba nyekundu ya milimita 300, tofauti ya nyuzi joto 10, unapata milimita 0.05. Unywele huo! Swichi haina habari.

Wenzo wa 1:20, unaokuza mjongeo mara ishirini, unaifikisha milimita 1, kwenye karatasi. Pini ya wenzo ikilegea kidogo tu tunduni, mjongeo wote unamezwa pale pale. Ukiikaza, wenzo unaganda kisha unaruka ghafla. Mafuta ndiyo yanaharibu zaidi, yanashika mchanga. Kilichofaa ni kuitoa pini kabisa: kipande cha utepe wa futi mbovu, milimita 15, kikanyooshwa kwa nyundo na kubanwa kwa skrubu kila upande. Wenzo unapindia hapo, hakuna tundu la kulegea. Futi za bei rahisi ndizo zinazofaa, utepe wake mwembamba. Kwa kupimia, tupa.

Weusi: rangi ya kupuliza inang'aa mno. Masizi ya kibatari hayana mpinzani, ila ukiyagusa yanatoka. Mng'ao: ndimu na majivu vinaitakatisha shaba upesi, lakini isuuze na kuikausha papo hapo, asidi ikibaki inafubaa tena. Na hewa ya chumvi nayo haina huruma. Fimbo za kung'aa zikifubaa zinaanza kunyonya jua, tofauti inapungua, taa inawaka mchana kweupe. Kwa hiyo zimepakwa vanishi angavu, nyembamba. Juu ya zote lazima kioo, la sivyo Kusi ikivuma inaipoza ile nyeusi. Kioo cha chemli ni kifupi; chombo kirefu cha maua kilichopinduliwa kinatosha.

Mpango ulikuwa kuendelea na kimulimuli, cha kuifanya taa imweke. Kisubiri. Sasa inakatwa seti ya pili ya fimbo, hii bila vanishi, ikae nje ufukweni kando ya ile ya kwanza, ionekane ipi itaanza kuwasha taa mchana.