Yeremia 29 kwa Asiyeona Jina Lake Kwenye Orodha

Tangu nilipohitimu ualimu, hakuna mstari wa Biblia niliotumiwa mara nyingi kama Yeremia 29:11. Huletwa na watu wanaonipenda, kwa kawaida jioni ileile ambayo majina ya walioitwa kazini yametoka na langu halimo: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Neno hilo naliamini. Ninachokisumbukia ni jinsi tunavyolichomoa kwenye barua yake na kumkabidhi mtu aliyeumia, kana kwamba likishasomwa hana tena ruhusa ya kuumia.

Aliyewahi kusubiri ajira ya serikali anajua jioni hiyo ilivyo. Hapa Tukuyu mvua ikinyesha mtandao nao hulegea, kwa hiyo faili la orodha hufunguka ukurasa mmoja mmoja, nawe unashuka nalo kwa kidole hadi kwenye herufi yako, unaipita, kisha unarudi kutafuta kwa jina la baba, endapo aliyeandika alianza na la ukoo, na mwishowe unapekua hata masomo usiyoyasomea. Wakati huo simu inaanza kulia kwa jumbe za pole, na Yeremia 29:11 imo ndani yake.

Mstari huo umo katika barua ambayo nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliokuwa wamechukuliwa mateka kwenda Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Sura inayotangulia inaeleza kwamba nabii mwingine, Hanania, alikuwa ametangaza mbele ya makuhani na watu wote kuwa katika muda wa miaka miwili mateka wangerudi na vyombo vya hekalu vingerudishwa. Yeremia alimjibu, "Amina, BWANA na afanye hivi," maana naye alitamani iwe hivyo. Lakini Mungu hakuwa amesema hivyo, na barua ikaenda na hesabu nyingine. Mstari wa 10, unaoutangulia ule tunaoupenda, unataja miaka 70. Kwa hiyo wazee waliosikia barua ikisomwa walielewa kwamba tumaini lile lilikuwa la kweli na kwamba wengi wao wangezikwa kabla ya kuliona. Nikiri kwamba mahubiri mengi ninayoyasikia siku hizi, hasa ya mikesha ya kufungua mwaka, yanafanana zaidi na ya Hanania.

Aliyeiandika barua hiyo naye hakuwa mtu wa kuficha uchungu wake. Katika sura ya 20 anamwambia Mungu waziwazi, "Ee BWANA, umenihadaa, nami nimehadaika," na maneno hayo yakaachwa ndani ya Maandiko Matakatifu pasipo kufutwa. Zaburi ya 88 inalia kutoka mwanzo hadi mwisho na kumalizikia gizani, wala mhariri yeyote hakuiongezea mstari wa kufariji. Sisi Wamoravian wa Rungwe, ambao kanisa letu lilianza hapa mwaka 1891, tunajua kukaa na mfiwa: hakuna anayemwuliza mjane kwa nini analia, na watu hukesha naye wakiimba. Lakini aliyekosa kazi, au aliyevunjiwa uchumba, tunamtaka awe na ushuhuda kabla ya Jumapili. Sioni msingi wa tofauti hiyo katika Biblia.

Mama mdogo ndiye aliyenifaa kuliko wote mara ya mwisho majina yalipotoka. Alikuja jioni, akaketi jikoni akimenya ndizi, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, limekuuma, na mimi limeniuma." Tulipomaliza kula aliomba kwa maneno machache sana: "Bwana, mtoto huyu amechoka, nasi tumechoka pamoja naye, usituache." Alipokuwa akiondoka aliniagiza niwahi asubuhi, kwa sababu viazi vyake vya Isongole vilikuwa vinasubiri kupandishiwa udongo, na wanawe walikuwa na mtihani wa hesabu usio na mtu wa kuwafundisha.

Sidhani kama alikuwa akifikiria sura ya 29, ila alichonipa ndicho kilichomo katika mstari wa 5: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Mateka hawakuambiwa wakae juu ya mizigo yao wakiangalia njia ya Yerusalemu. Waliambiwa waoe, wazae, wapande, huku ahadi ikibaki ahadi. Kwangu mimi maana yake imekuwa tuisheni ya jioni kwa watoto wa mtaani kwetu, nusu eka ya viazi, na kutuma maombi tena kila nafasi zinapotangazwa. Tuisheni hailipi sana, na wazazi wengine hulipa kwa ndizi, lakini somo nililolisomea halijanitoka kichwani, jambo ambalo baadhi ya tuliohitimu pamoja wanalalamika kwamba limewapata.

Mstari wa 7 ndio unaonishinda. Unawaagiza mateka wautakie amani mji uleule waliopelekwa na kuuombea kwa BWANA, kwa maana katika amani yake wao watapata amani. Rafiki yangu wa chuo aliitwa kazini kwenye orodha ileile iliyoniacha, akapangiwa shule ya mbali na kwao. Shule hiyo nimeanza kuiombea, pamoja na wanafunzi wake na nyumba ya mwalimu aliyoniambia kwamba inavuja. Kumwombea yeye mwenyewe kwa jina lake bado ni kazi, na Mungu nimemweleza hivyo hivyo.