Milipuko 105 ya gama, wimbi hata moja hakuna

Ukimtajia mtu mawimbi ya graviti (mitikisiko ya anga lenyewe inayotokana na mwendo wa vitu vizito) na milipuko ya miale ya gama (mimweko mikali ya mionzi kutoka mbali angani), moja kwa moja anakimbilia tarehe 17 Agosti 2017, siku vyote viwili viliponaswa kutoka kwenye mgongano mmoja. Sina ugomvi na hiyo siku, ila naona imetudekeza, watu wanadhani kazi yenyewe ndo iko vile kila mara, satelaiti inaona mmweko, ditekta, yaani mashine za kusikiliza mawimbi, zinapokea, darubini zinageuzwa, kwisha habari. Kumbe sehemu kubwa ya hii kazi ni kutafuta na kukosa, afu kupiga hesabu kwa makini umekosa nini hasa, na mimi binafsi huko kwenye kukosa ndo kunaninogea zaidi.

Kwa ambaye hajafuatilia, milipuko hii ilinaswa kwanza 1967 na satelaiti za Marekani zinaitwa Vela, ambazo kazi yao ilikuwa kuchungulia nani anajaribu mabomu ya nyuklia kinyemela, mambo ya nyota hayakuwemo kabisa, na habari yenyewe ikatangazwa 1973. Baadaye ikaonekana iko ya aina mbili, mifupi isiyofika sekunde 2 na mirefu inayozidi hapo. Mirefu ikahusishwa na nyota kubwa zinazoporomoka zenyewe kwa ndani, mifupi wakasema hii itakuwa nyota mbili za nyutroni, yaani mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa, zimezungukana weee mpaka zikagongana. Tabu ni kwamba miale ya gama haikwambii nini kimegonga nini, inakwambia tu huko kumelipuka. Mawimbi ya graviti yanatokana na mwendo wa vile vitu vizito vyenyewe, kwa hiyo ukiyapata unajua vilikuwa viwili, vina uzito gani na viko mbali kiasi gani.

Sasa yanatafutwaje? LIGO, mradi wa kutafuta mawimbi haya, wana ditekta mbili Marekani, Hanford na Livingston, kila moja ina mikono miwili ya kilomita 4 ambayo leza inapita ndani yake, na Italia karibu na Pisa kuna Virgo yenye mikono ya kilomita 3. Wimbi likipita urefu wa mkono unabadilika kidogo sana, padogo kuliko hata upana wa protoni, sasa hapo weka upepo, mitetemo ya ardhi, magari, na mashine yenyewe nayo ina vituko vyake. Ukichambua data ya miezi bila kujua lini wala wapi inabidi uwe mkali mno, maana kelele ikipewa muda wa kutosha lazima siku moja itajifanya wimbi. Ila satelaiti kama Fermi au Swift ikishakupa saa na upande wa anga, unaweza kulegeza masharti na ukapata hata wimbi dhaifu ambalo ungelipita. Kwa migongano ya nyota wanaangalia kipande cha sekunde 6 tu, kuanzia sekunde 5 kabla ya mlipuko mpaka 1 baada yake. Kwa mawimbi ambayo hakuna anayejua yatakuwa na umbo gani, kama yale ya nyota iliyoporomoka, wanarudi nyuma sekunde 600 nzima. Kisha wanachukua data ya jirani ambayo mlipuko haumo, wanaikata vipande vya urefu uleule na kuhesabu kelele peke yake imetoa kitu kikubwa namna ile mara ngapi. Ikiwa inatoa kila saa basi huna kitu, nenda kalale.

Mfano ninaoupenda ni GRB 070201, yaani mlipuko wa tarehe 1 Februari 2007. Eneo la anga ulipotokea lilipita juu ya mikono ya galaksi ya Andromeda, miaka nuru milioni 2.5 tu, ambayo kwa mambo haya ni mlango wa pili. Kama zingekuwa nyota za nyutroni zimegongana pale, ditekta za Hanford zilizokuwa kazini zingesikia bila ubishi. Hazikusikia kitu. Na kwa kutosikia huko wakaweza kusema kwa uhakika wa zaidi ya asilimia 99 kwamba hakuna mgongano wa namna hiyo uliotokea Andromeda, labda ilikuwa nyota yenye sumaku kali imefura, au mlipuko ulikuwa mbali huko nyuma ya Andromeda. Hiyo ni miaka minane kabla LIGO haijapata wimbi lake la kwanza kabisa! Watu hawajawahi kusikia chochote na tayari kimya chao kinajibu swali.

Ndo ikaja ile 17 Agosti 2017. Wimbi likasikika kama sekunde 100, na sekunde 1.7 baada ya mgongano Fermi ikaona gama. Kinachochekesha ni kwamba Livingston ilipata kelele ya ghafla ya mashine palepale kwenye data, mfumo wa kompyuta ukaikataa, ikabidi watu waende kuangalia kwa macho ndo wakakuta wimbi liko wazi kabisa chini ya ile kelele. Virgo nayo karibu isione chochote, na hiyo ikasaidia, maana ilimaanisha chanzo kiko upande ambao Virgo haipokei vizuri, anga la kutafuta likapungua, na ndani ya saa 11 darubini ya Swope kule Chile ikawa imepata mwanga kwenye galaksi NGC 4993, miaka nuru kama milioni 130. Safari ya miaka milioni 130 na wimbi na gama vimefika vimepishana sekunde 1.7, aisee. Nadharia kadhaa zilizokuwa zinasema graviti ina spidi yake tofauti na ya nuru zilikufa siku hiyo hiyo.

Watu wakategemea kila mwaka itakuwa hivyo. Kipindi cha Aprili hadi Oktoba 2019 wakapitia milipuko 105, kati yake 32 wakaitafutia hasa mgongano wa nyota, wakatoka bila kitu. Na sababu inaeleweka, gama inatoka kama mshale mwembamba ambao mara nyingi hautuelekei, na ile inayotuelekea mingi iko mabilioni ya miaka nuru, ditekta hazifiki huko. 2017 ilikuwa karibu mno, mpaka tukaona gama ya pembeni ambayo kiukweli ilikuwa dhaifu sana.

Kinachoniuma mimi sio hiyo 105, ni ile iliyotukuta tumezima. Desemba 2021 ukaja GRB 211211A, mlipuko mrefu, karibu dakika nzima, kwa vitabu vya zamani hiyo ni nyota inayoporomoka, lakini mwanga uliofuata ulikuwa wa kilonova, kile kinachotokea nyota za nyutroni zikigongana. Umbali kama miaka nuru bilioni 1. Ditekta zilikuwa zimefungwa zinafanyiwa maboresho. Machi 2023 ukaja mwingine wa aina ileile, GRB 230307A, darubini ya James Webb ikaona dalili za teluri, elementi nzito, kwenye mabaki, na LIGO wamekuja kuanza rasmi kipindi chao cha nne cha kusikiliza tarehe 24 Mei. Miezi miwili na nusu tu jamani. Sisemi wangesikia kwa hakika, kwa umbali ule ilikuwa mpakani kabisa, lakini mpaka leo wapo wanaobishana kama zile zilikuwa nyota mbili za nyutroni au nyota ya nyutroni na kibete cheupe (kiini kilichobaki cha nyota ya kawaida iliyokufa), na kibete cheupe hakitoi wimbi ambalo LIGO inaweza kulisikia, kwa hiyo hata kukosa kungesema kitu. Ningekuwa na sauti huko ningeomba mashine mbili ziachwe zinasikiliza wakati nyingine ziko gereji, na kila mlipuko mrefu ulio karibu nao utafutiwe mgongano, hayo mambo ya sekunde 2 tuyaweke kando.