Siku Moja Maishani Mwangu: Mwongoza Watalii Trafalgar Square

Saa 3:30 asubuhi nimeshafika Trafalgar Square, nusu saa kabla ya National Gallery, jumba la michoro la London, kufunguliwa, kwa kuwa leo nina familia kutoka Mombasa na babu yao, fundi mwashi mstaafu, hapendi kuharakishwa.

Saa 4:00 tunaingilia Sainsbury Wing, jengo la pembeni la jumba hilo lililozinduliwa mwaka 1991, likafungwa mwaka 2023, na kufunguliwa upya Mei 2025 baada ya kusanifiwa tena na Annabelle Selldorf katika mradi wa pauni milioni 85. Zamani nilianzia hapa kwa makusudi. Ukumbi ulikuwa na giza, dari limeinama, nguzo nene kama za chini ya kanisa, ili mgeni akipanda ngazi kuu atokee ghafla kwenye mwanga na michoro ya karne ya 15. Ndivyo wasanifu wake wa kwanza, Robert Venturi na Denise Scott Brown, walivyokusudia. Sasa vioo vinapitisha mwanga, sehemu ya dari imeondolewa, na hila yangu imekwenda na kifusi.

Saa 4:40 ninawasimulia habari ya barua. Mafundi walipobomoa nguzo mojawapo walikuta ndani yake barua ya mwaka 1990 ya John Sainsbury, mmoja wa wafadhili, akieleza kwamba nguzo hizo za uongo ni kosa la msanifu, na kwamba amefurahi mno kuona kizazi cha baadaye kimeamua kuziondoa. Mzee anagonga nguzo iliyobaki kwa kifundo cha kidole, anategea sikio.

"Mwanangu, nguzo isiyobeba kitu ni hasara tangu siku ya kwanza."

"Lakini Mzee, marais wanane wa zamani wa taasisi ya wasanifu wa Uingereza waliupinga mradi huu kwa maandishi. Walisema ukumbi utafanana na wa uwanja wa ndege."

"Uwanja wa ndege, angalau, mtu haulizi mlango uko wapi."

Saa 7:00, tukila, bibi anauliza kiingilio ni kiasi gani. Namwambia ni bure. "Bure ya milioni 85," anajibu, akiendelea kumenya chungwa.

Saa 9:00 alasiri nina wanafunzi. Wanavuka ukumbi kwa hatua ishirini, moja kwa moja hadi ngazini, bila hata mmoja kuinua macho, jambo ambalo katika giza la zamani halikuwezekana. Huko juu namwuliza msichana mmoja ameuonaje ukumbi.

"Ukumbi upi?"