Siku Moja Maishani Mwangu: Ushairi Asubuhi, Kibwebwe Usiku

Saa kumi na mbili asubuhi, London ikiwa bado gizani, nilisogeza meza ya sebuleni ukutani nikajifunga kibwebwe. Kwa nusu saa nilifanya zoezi moja tu la ngoma ya tumbo ya Kimisri, la kuchora nane kwa nyonga polepole huku mabega yametulia. Nalirudia tangu nikiwa na miaka 20. Sasa nina 61, na nyonga ya kushoto ingali inaitangulia ya kulia.

Saa nne nilifundisha mizani za shairi, nane za ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, na nane za utao, kipande cha pili. Mwanafunzi aliuliza kwa nini neno lisivuke kituo cha kati. Nilimpigia mezani masmudi kabiri, mdundo wa hesabu nane unaoanza kwa vishindo vizito, ambao mchezaji asipoungoja umalizike hatua yake huanguka mahali pasipostahili. Darasa zima likapiga nami, kisha tukarudi kwenye beti.

Mchana ulikwenda katika kikao. Zamani mwenzangu mmoja alinishauri nisiitaje ngoma hii mbele ya watoa vyeo, nami nikamtii miaka kadhaa, jambo ninalolijutia hadi leo.

Saa kumi niliandika kuhusu Badia Masabni, mchezaji aliyefungua ukumbi wake Cairo mwaka 1926, walimokulia kisanaa wachezaji mashuhuri Tahia Carioca na Samia Gamal. Ngoma iliyozoea nafasi finyu ya harusini ilipata jukwaa pana: mikono ikainuka, hatua zikarefuka. Ninaposoma habari hizo miguu yangu huzielewa kabla ya kalamu.

Saa mbili usiku nilipanda jukwaani, nyuma yangu wapigaji wa udi, rika (tari ndogo) na ganuni (ala ya nyuzi nyingi). Sauti ya ganuni ndiyo iliyonileta huku. Simulizi za taarab kwetu Unguja husema kwamba Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza ala hiyo, na bibi yangu alikuwa akikesha redioni usiku wa Alhamisi Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, alipoimba. Katika taksimu, ala moja inapojipigia kwa kubuni papo hapo, hakuna mdundo wa kushikilia, hivyo mchezaji hubaki na sikio lake tu. Mpiga ganuni aliporefusha mtetemo wa uzi mmoja nilisimama palepale, nikauacha upite nyongani peke yake mpaka rika liliporejea.

Saa tano na nusu nilifungua kibwebwe kilicholowa jasho, nikakianika kitini, kando ya madaftari ya kusahihisha.